Makaa Kwenye Krimu

Mjukuu wangu anayekaa nami hapa Munyaka anajitayarisha kwa mtihani wa kuingia chuo cha ng'ambo. Si mtihani wa historia wala wa hesabu. Ni wa kufikiri. Wanakupa maneno ya mtu anayedai jambo, yamepangwa vizuri kama vyombo kabatini, halafu wanakuuliza: kosa liko wapi? Ana kitabu kizima, kinene, cha makosa ya watu. Nilipokiona nilicheka. Kumbe makosa yanauzwa, na mimi nimekaa na yangu bure miaka yote hii!

Juzi alikwama. Yeye yuko mezani, mimi nachambua maharagwe.

"Gogo, sikia hii," akasema, maana kwetu nyanya huitwa gogo, akanitafsiria. "Kila aliyekunywa dawa fulani alipona. Mzee fulani amepona. Kwa hivyo mzee huyo alikunywa hiyo dawa. Kosa ni gani? Kuna majibu matano."

"Makaa hayo," nikamwambia.

"Gogo, makaa hayako kwa majibu."

"Basi kitabu ndicho kina kosa. Mzee si anaweza kupona kwa supu? Si anaweza kupona kwa sababu bibi yake amesafiri? Nani amesema dawa ni hiyo moja tu?"

Akafungua nyuma ya kitabu, akasoma, akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akisalimia. "Umepata. Umejuaje?"

Nimejuaje! Mimi niliyesoma mpaka darasa la nne na mtihani nikapita, na usiniulize kwa nini sikuendelea, hiyo ni hadithi nyingine na haichekeshi. Nyumbani kwetu mtu akirukia jambo bila kutazama pembeni tunamwambia, "Makaa hayo." Watoto wangu wamekua wakisema hivyo bila kujua yalitoka wapi. Ndiyo nimechukua daftari niandike, ili nikienda wasianze kusema ni methali ya wahenga. Si ya wahenga. Ni yangu.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sisibo. Sisibo ndiyo hii Eldoret. Wazee wetu waliiita hivyo kwa namba ya kiwanja mji ulipoanzia, sitini na nne, siksti-foo kwa Kiingereza, wakaitamka kama midomo yao ilivyotaka. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Baba alichunga maksai wa Bwana, wale wa kuvuta plau na mikokoteni. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya maziwa. Yeye ndiye aliyezungusha mashine ya kutenga krimu, akaosha makopo, akabeba krimu kwenda kuwekwa mahali pa baridi mpaka siku ya mkokoteni kwenda kiwandani mjini. Krimu ilikuwa ya Bwana. Maziwa yaliyobaki, yale mepesi yaliyokwisha kunyang'anywa mafuta, tulipewa sisi. Mama alibeba yetu kwa kibuyu.

Lazima niseme kuhusu kibuyu, maana wajukuu zangu wanakijua kwa picha. Sisi hatukuweka maziwa kwenye chombo kitupu kama watu wasio na mama. Unachoma kijiti cha senetwet, ule mti wenye maua ya manjano, mpaka kiwe kaa. Unasugua kaa hilo ndani ya kibuyu kwa ufito mrefu mpaka pawe peusi na panukie. Maziwa yakilala humo siku kadhaa yanatoka na rangi ya wingu la mvua, makali kidogo, matamu sana. Hayo ndiyo mursik. Kibuyu cha Mama kilikuwa cha mama yake. Kilijua maziwa kuliko mimi.

Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na miwili na nilisoma shule ya shamba, banda la udongo lenye ubao mmoja na mwalimu mmoja. Mwalimu wetu alikuwa mwembamba, mkali, na alikuwa na suruali moja ambayo pasi yake ingeweza kukata mkate. Mwaka ule alileta karatasi za kujipimia kabla ya mtihani. Alituambia karatasi ni zilezile kwa shule zote, na dakika ni zilezile. Mtoto wa Burnt Forest anaulizwa kile anachoulizwa mtoto wa kwetu, hakuna wa kuonewa huruma. Sehemu ya mwisho iliitwa Tafuta Kosa.

Swali langu la kwanza nalikumbuka kama jina langu. Ng'ombe wote wa Bwana wana alama ya moto pajani. Ng'ombe huyu ana alama ya moto pajani. Kwa hivyo ng'ombe huyu ni wa Bwana. Je, ni lazima iwe hivyo?

Nikaandika: Ndiyo, lazima. Nikapiga mstari chini kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Mwalimu akaniita mbele. "Kwenu kuna maksai kilema, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ni wa nani?"

"Wetu. Bwana alimpa Baba alipovunjika mguu."

"Bwana alivunjika mguu?"

"Maksai, Mwalimu." Darasa likaanza kucheka.

"Pajani ana nini?"

Maksai wetu alikuwa na alama ya Bwana, kubwa kama sahani. Nilikuwa nimeiegemea asubuhi hiyohiyo nikifunga kamba. Nilikuwa na jibu nyumbani, linakula nyasi, na bado nikaamini karatasi.

"Sasa uliandika nini hapa?" akauliza Mwalimu.

"Nilifikiri karatasi inajua zaidi."

"Karatasi haina macho. Wewe unayo." Akagonga meza kwa chaki. "Ukiambiwa hiki kimetoka pale, usikubali kwanza. Uliza: nini kingine? Nini kingine kingeweza kuleta hiki? Rudia."

"Nini kingine, Mwalimu."

Muhula mzima wenzangu waliniita Maksai. Mwenye kunipa jina hilo yuko Langas mpaka leo, meno yamemwisha, na bado akiniona ananiita hivyo. Na mimi namwambia heri maksai, angalau ana meno.

Basi ikaja kiangazi, kiangazi cha kweli, nyasi zikawa kama nywele za mzee. Siku ya Alhamisi mkokoteni ulirudi kutoka mjini na kopo moja la krimu limekataliwa, pamoja na barua. Memsahib, mke wa Bwana, aliisoma akiwa amesimama barandani, shingo ikawa nyekundu kuanzia chini kwenda juu, kama chai ikimiminwa. Krimu ilikuwa na madoa meusi. Kiwandani walisema ni makaa.

Memsahib hakuwa mtu mbaya, nitasema hivyo ingawa wengine hawatapenda. Alikuwa mtu wa haraka. Alitoka moja kwa moja mpaka nyumba ya maziwa, nami nilikuwa pale kumsaidia Mama kuosha makopo. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa msumarini kama kila siku. Memsahib akakitoa, akatia kidole mdomoni mwa kibuyu, akakitoa kidole kikiwa cheusi. Akatuonyesha hicho kidole kama hakimu.

"Kibuyu yako iko makaa," akasema kwa Kiswahili chao kile. "Krim yangu iko makaa. Basi krim nakwisha ingia kibuyu. Wewe naiba, mimi nakuja, wewe narudisha mbio-mbio kwa kopo. Wewe mwizi."

Mama akasema, "Memsahib, mimi sijaiba."

"Kidole nasema!" Memsahib akakiinua tena. "Jumatatu wewe, bwana yako, toto yako, ng'ombe yako, yote kwenda. Jumamosi wewe naleta funguo ya nyumba ya maziwa."

Akaondoka na kibuyu. Hilo ndilo lililomuuma Mama kwanza.

Kufukuzwa shambani siku zile, wajukuu zangu, si kama kuhama nyumba ya kupanga. Mahindi yetu yaliyokuwa ghalani, malisho yetu, shule yangu, vyote vilikuwa juu ya ardhi ya Bwana. Ukiondoka unaondoka na mifupa yako. Na ukiondoka na jina la mwizi, shamba la jirani limekwisha kusikia kabla hujafika langoni.

Nyumbani Mama hakulia. Alianza kukunja ngozi za kulalia, akizipiga kama zimemkosea. Baba akasema, "Lakini ni kweli kibuyu kina makaa."

Mama akamtazama. Alimtazama mpaka Baba akatoka nje kuangalia ng'ombe, ambao walikuwa salama kabisa.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko, na kichwani mwangu kulikuwa na kelele. Kibuyu kina makaa. Krimu ina makaa. Kwa hivyo krimu imetoka kwenye kibuyu. Nilikuwa nimekutana na maneno haya mahali. Ng'ombe wa Bwana wana alama. Ng'ombe huyu ana alama. Ala! Lilikuwa swali lilelile, wamebadilisha mnyama tu! Memsahib alikuwa amepiga mstari chini kama mimi, kwa sababu alikuwa na uhakika kama mimi.

"Mama," nikasema, "Memsahib ni maksai."

"Funga mdomo na ufunge ndama," akasema Mama.

Siku mbili nilitembea na swali la Mwalimu. Nini kingine? Nini kingine chenye makaa? Nilianza na pasi ya dobi. Lakini dobi alipigia nguo pasi upande wa pili wa nyumba, krimu haikupita huko. Jiko la Memsahib lilikuwa la kuni. Nikafikiria hata seremala na penseli yake. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, kusema kweli.

Jumamosi asubuhi Mama alinituma kwa mpishi kuchukua vitambaa vyake. Mpishi wa Memsahib alikuwa mtu wa upande wa Magharibi, mnene, sauti yake ya nyimbo za kanisani ilisikika mpaka zizini. Siku hiyo alikuwa anaimba polepole, mgongo ameupa mlango. Nikachungulia. Mbele yake kulikuwa na pudin kubwa nyeupe ya wageni wa Jumapili, inatikisika kama shavu la mtoto. Alikuwa ameshika ncha ya kijiko, anatoa madoa meusi, moja moja, kama mtu anayechagua kupe.

"Hayo ni nini, Mzee?"

Akaruka. "We mtoto! Unatafuta nini jikoni kwa watu?"

"Vitambaa vya Mama. Hayo meusi ni nini?"

"Pilipili."

"Pudin ya pilipili?"

"Wazungu hula vitu vingi. Chukua vitambaa, na macho yako urudi nayo."

Nikamuuliza pudin ililala wapi. Macho yake yalikwenda dirishani, na mimi nikayafuata. Huko nyuma ya jiko kulikuwa na kile kibanda cha kuweka vitu vya baridi. Kuta zake zilikuwa waya wa kuku, tabaka mbili, na katikati zimejazwa makaa kutoka chini mpaka paani. Ukimwagia maji makaa hayo, ndani panakuwa baridi kama kisima. Nyama ilikaa humo, siagi ilikaa humo. Krimu ya Mama ilikaa humo siku tatu nzima ikingoja mkokoteni, kwenye beseni lisilo na kifuniko.

Na unajua tulikiitaje? Nyumba ya makaa. Kila siku, wote, Memsahib pia. Mama, peleka krimu nyumba ya makaa. Mpishi, toa nyama nyumba ya makaa. Tulilitamka mara mia na hakuna aliyesikia anachosema.

Nikamwambia mpishi, "Mzee, Jumatatu sisi tunafukuzwa kwa sababu ya hiyo pilipili yako."

Uso wake ukaanguka. "Na mimi nikifukuzwa? Naambiwa nimwagilie ukuta mara tatu kwa siku. Maji yako wapi? Punda mwenyewe anafika hapa na kiu." Akanipa biskuti. Nikala. Usifikiri biskuti ilininyamazisha. Biskuti ni biskuti.

Saa sita Mama alikwenda barandani na funguo. Aliniambia nibaki na ndama. Nikamfuata. Memsahib akanyoosha mkono apokee, na mimi kabla sijajua miguu yangu iko wapi nikasema, "Memsahib, naomba kuuliza swali."

Mama akanibana mkono mpaka kwenye mfupa. Memsahib akashangaa, labda kwa sababu ya lile neno swali. "Uliza."

"Kibuyu cha Mama kina makaa."

"Ndiyo."

"Na krimu ina makaa, kwa hivyo krimu ilipita kwenye kibuyu."

"Ndiyo! Toto naelewa!"

"Basi na pudin ya Memsahib ilipita kwenye kibuyu?"

Kutoka jikoni nilisikia kijiko kikianguka.

"Pudin gani?" akauliza Memsahib.

Twende, twende. Memsahib mbele, mimi nyuma yake, Mama nyuma yangu akininong'oneza mambo ya kunifanyia tukifika nyumbani. Mpishi alikuwa amekwisha kuirudisha pudin ndani ya nyumba ya makaa, maskini, akidhani ameificha. Memsahib akafungua mlango. Pudin ilikuwa rafuni, na madoa mapya juu yake, kama viroboto kwenye mbwa mweupe.

Na nikisema mbwa sisemi bure. Mbwa wa Memsahib, jitu kubwa la kahawia, alikuwa na desturi yake ya saa sita kiangazi. Alikuja akitikisa mkia, akageuza ubavu, akajikuna kwenye ukuta wa makaa, huku na huku, macho ameyafumba kwa raha. Waya ukalia. Ndani, kutoka ukutani, ikashuka mvua nyembamba nyeusi. Ikatua juu ya pudin, ikatua juu ya beseni la krimu, na nyingine ikatua juu ya mkono mweupe wa Memsahib.

Akautazama mkono wake. Alikuwa na kidole cheusi mara ya pili wiki hiyo.

Mama ndiye aliyetangulia kusema. Mama alikuwa na mdomo wake, nami niliurithi. Akasema kwa upole sana, "Memsahib, shingo ya kibuyu changu ni nyembamba. Hii pudin niliipitishaje?"

Mpishi, aliyekuwa nyuma yetu, akapiga kicheko ambacho hakukipanga. Kikamtoka kama chafya. Memsahib akageuka amtafune, halafu naye mdomo ukaanza kumtoroka upande mmoja. Akaufunga kwa mkono mchafu. Sasa alikuwa na masharubu, na hakuna aliyemwambia.

"Mimi nafikiri kibuyu tu," akasema mwishowe. Hakusema zaidi. Akampa Mama funguo. "Jumatatu, mashine, saa kumi na mbili." Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Mpishi hakufukuzwa, aliambiwa aingize mkono kwenye mto wa Memsahib, avue foronya, ashone kifuniko cha beseni. Mbwa hakuambiwa neno.

Lakini Mama hakuondoka. Alisimama palepale.

"Na kibuyu changu?"

Kikaletwa. Mama akakinusa, na hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika, kuliko siku ile aliyoitwa mwizi. Memsahib alikuwa amekiosha. Kwa maji moto na sabuni, ndani na nje, kwa sababu aliona ni kichafu. Miaka yote ya mama yake na ya kwake, ule weusi uliokuwa umeingia mpaka kwenye mfupa wa kibuyu, ulikuwa umemwagwa kwenye mtaro wa jikoni. Kilinukia maua.

Mama akaweza kusema, "Asante, Memsahib." Njiani alisema mengine, kwa lugha yetu, na sitayaandika kwa sababu mjukuu wangu atasoma.

Mimi nilikuwa sitembei, naelea. Nilikuwa nimeokoa nyumba, mahindi na jina letu kwa swali moja la darasani. Nilijiona nimepanda juu ya nyumba ya makaa, watu wote wa shamba wananishangilia. Nikangoja Mama aseme neno la kunisifu. Tulivuka mto, hakusema. Tulipita malisho, hakusema. Tukafika nyumbani.

Ndama wote walikuwa nje. Wamenyonya mama zao mpaka wameshiba, wamelala kwenye jua na povu midomoni, na Baba amesimama katikati yao na ndoo tupu mkononi.

"Maziwa yamekwenda wapi?" Baba akauliza. "Naona ndoo haina kitu. Nani ameiba?"

Mama akanitazama mimi, mwanasheria wake. "Haya, msomi," akasema. "Nini kingine?"

Nikachukua kamba, nikaenda kufunga ndama. Jioni hiyo hatukunywa maziwa, lakini Mama alikata kijiti kipya cha senetwet, akakiweka motoni. Akaniita nikae karibu naye, akanipa ufito. Hakuwa amewahi kuniruhusu kukigusa kibuyu cha mama yake. Nikaanza kusugua.

"Taratibu," akasema. "Hii si pudin."